Meno ya Watoto

SOMO LA 8

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 30:31–43; Mwa. 31:10–12, Zab. 139:13–16, Eze. 18:1–20, Yn. 9:1–7, Mit. 22:3, 2 Fal. 20:1–7, Rum. 8:18–23, 1 Kor. 15:42–54.

Fungu la Kukariri: Ezekieli 18:20. Lisome katika Biblia yako, linakili kwa mkono wako mwenyewe, kisha likariri kabla ya Sabato ijayo.

Watu wa Yuda waliopelekwa uhamishoni Babeli walikuwa na methali waliyopenda kuirudia. Walisema kwamba wazee wakila zabibu mbichi, ganzi huingia katika meno ya watoto. Maana yake ilikuwa wazi: wazee walikosa, na wao wanalipa. Mungu aliisikia methali hiyo, akamtuma Ezekieli kuwaambia waiache kabisa.

Methali hiyo haikufia Babeli. Husemwa hata leo, kwa maneno mengine, kando ya vitanda vya watoto wagonjwa. Husikika hasa pale mtoto anapokuwa na ugonjwa wa kurithi, kama vile selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Ndugu wa mume husema, “Kwetu ugonjwa huu haupo, umeletwa na mama yake.” Jirani husema kwamba ukoo ule una mkosi. Mwingine hushauri waende kwa mganga kutafuta aliyeroga. Na wakati mwingine muumini mwenzao huuliza polepole ni dhambi gani imefichwa katika nyumba ile.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu. Hukadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao hapa nchini kila mwaka. Kwa hiyo somo hili haliwahusu watu wa mbali. Linahusu kwaya, Watafuta Njia, na viti vya watoto katika kanisa lolote.

Juma hili tutachunguza jinsi sifa za mwili zinavyopita kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto, na kuuliza swali moja: ni nini hasa ambacho mtoto hurithi, na ni nini ambacho Mungu amekataa kwamba hakirithiwi?

Jifunze somo la juma hili ili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.

JUMAPILI

Mbuzi wa Labani

Soma Mwanzo 30:31–43. Yakobo aliomba ujira gani, na Labani alifanya nini siku ileile ili ujira huo usipatikane?

Yakobo aliomba apewe mbuzi wenye madoadoa na milia pamoja na kondoo weusi. Labani alikubali, lakini kabla jua halijazama alikuwa amewatenga wanyama wote wa namna hiyo, akawakabidhi wanawe, akawaweka mbali mwendo wa siku tatu. Mbele ya Yakobo wakabaki wanyama wa rangi moja tu. Labani alifikiri kwamba asichokiona hakipo.

Hata hivyo, kundi lile la rangi moja likazaa wenye milia na madoadoa. Yakobo alikuwa ameweka fito zilizoambuliwa maganda kwenye mabirika ya maji, akidhani mnyama huzaa kile anachokitazama anapopata mimba. Lakini katika Mwanzo 31:10–12 Mungu alimwonyesha katika ndoto jambo jingine: mabeberu waliokuwa wakiwapanda majike walikuwa na milia na madoadoa. Ndoto ilimwelekeza awatazame wazazi, wala haikutaja fito. Na Mungu ndiye aliyekuwa ameuona udhalimu wa Labani na kumtetea mtumishi wake.

Karne nyingi baadaye, mtawa mmoja aitwaye Gregor Mendel alipanda mbaazi za kizungu katika bustani ya monasteri huko Brno, mji ambao leo uko katika Jamhuri ya Cheki. Alizalisha mimea yenye maua ya zambarau na ile yenye maua meupe. Kizazi cha kwanza chote kilitoa maua ya zambarau. Weupe ulionekana kama umepotea. Lakini mimea hiyo ilipozaliana yenyewe kwa yenyewe, maua meupe yalirudi, takriban mmea mmoja katika kila minne. Mendel alichapisha matokeo yake mwaka 1866, na ulimwengu haukuyatilia maanani hadi mwaka 1900, miaka 16 baada ya kifo chake.

Mendel aligundua kwamba kwa kila sifa aliyoichunguza, mmea hupokea sehemu mbili, moja kutoka kwa kila mzazi. Sehemu moja inaweza kufunikwa na nyingine bila kuharibika, ikapita kimya katika kizazi kimoja au viwili, kisha ikatokeza tena.

Mwanadamu naye hupokea hivyo. Mzazi anaweza kuwa na afya njema maisha yake yote huku amebeba kitu ambacho hakijui, na ambacho babu yake pia hakukijua. Anayesema “kwetu hakuna” huenda anasema kama Labani: amehesabu wanaoonekana tu.

Je, ni mambo gani ambayo familia yako huyasema kwa uhakika kuhusu “damu ya ukoo wetu”? Ni yapi kati ya hayo yanayojulikana kweli, na ni yapi yanayodhaniwa tu?

JUMATATU

Herufi Moja

Soma Zaburi 139:13–16. Daudi anaelezaje kazi ya Mungu katika mahali ambapo jicho la mwanadamu halifiki?

Daudi hakuwa na darubini. Alijua tu kwamba mwili wake ulifumwa tumboni mwa mama yake, na kwamba Mungu aliuona kabla haujakamilika. Leo mwanafunzi wa sekondari hujifunza sehemu ya ufumaji huo. Ndani ya karibu kila seli ya mwili mna nyuzi ndogo sana ziitwazo kromosomu. Ziko 46, nazo hukaa kwa jozi: 23 kutoka kwa baba na 23 kutoka kwa mama. Nyuzi hizo zimebeba vinasaba, yaani DNA, ambavyo umbo lake ni kama ngazi iliyosokotwa. Umbo hilo lilielezwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick, kwa msaada mkubwa wa picha zilizopigwa katika maabara ya Rosalind Franklin.

Maelekezo yaliyomo katika ngazi hiyo huandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. Seti moja anayopewa mtoto na mzazi mmoja ina herufi zipatazo bilioni tatu. Kipande cha maelekezo kinachosimamia kazi fulani huitwa jeni. Jeni moja husimamia utengenezaji wa sehemu ya himoglobini, yaani kile kitu chekundu katika damu kinachobeba hewa safi ya oksijeni.

Katika jeni hiyo, herufi moja ikiwa T badala ya A, himoglobini hubadilika. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa wa selimundu ni tofauti na ya mtu mwingine. Miaka michache baadaye Vernon Ingram, huko Uingereza, akaonyesha tofauti yenyewe: katika mnyororo mzima, kiungo kimoja tu kimebadilishwa.

Tofauti hiyo ndogo huleta mateso makubwa. Seli nyekundu ya kawaida ni ya mviringo, laini, imebonyea katikati, nayo hupenya katika mishipa myembamba bila shida. Seli yenye himoglobini iliyobadilika, ikiishiwa oksijeni, hujikunja na kuwa ngumu kama mundu wa kuvunia mpunga. Ndiyo asili ya jina selimundu. Seli hizo hunasa katika mishipa midogo na kuziba njia ya damu, na hapo mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa, ya kifua au ya tumbo. Seli ya kawaida huishi siku zipatazo 120. Seli mundu huvunjika baada ya siku 10 hadi 20 hivi. Kwa sababu hiyo mgonjwa hupungukiwa damu na macho yake huwa ya manjano.

Aliyeona mwili wa Daudi kabla haujakamilika aliuona pia mwili wa mtoto huyu. Herufi iliyobadilika haikumfanya apungukiwe thamani mbele za Mungu.

Mtoto mwenye ugonjwa wa kurithi akikuuliza, “Je, mimi pia Mungu ndiye aliyenifuma?” ungemjibuje?

JUMANNE

Vikombe Viwili

Soma Mwanzo 3:9–13. Adamu alipoulizwa swali, alimwelekezea nani kidole? Tabia hiyo hujitokezaje katika familia yenye mtoto mgonjwa?

Jaribio dogo linaweza kufanyika nyumbani au darasani. Chukua vikombe viwili visivyoonyesha ndani. Kimoja ni cha baba, kingine cha mama. Weka katika kila kikombe punje moja ya mahindi na punje moja ya maharage. Mahindi yawe jeni ya kawaida, inayoitwa A. Maharage yawe jeni ya selimundu, inayoitwa S. Sasa mtoto mmoja wa darasa afumbe macho, atoe punje moja katika kila kikombe. Andika alichopata, rudisha punje, kisha rudia mara 40.

Mahindi mawili ni AA: mtoto hana ugonjwa wala habebi jeni yake. Hindi moja na harage moja ni AS: mtoto ni mbebaji, kwa kawaida hana ugonjwa huo, ila anaweza kuirithisha jeni. Maharage mawili ni SS: mtoto ana selimundu. Darasa litaona kwamba, kwa kukadiria, robo hutoka AA, nusu AS na robo SS.

Jaribio hili lina mafundisho matatu. La kwanza, harage la pili halina budi kutoka katika kikombe cha pili. Mtoto wa SS amepokea S moja kwa mama na S moja kwa baba. Mume anayemfukuza mkewe kwa sababu “amezaa watoto wagonjwa” anamfukuza kwa jambo ambalo nusu yake limetoka kwake mwenyewe. La pili, punje hurudishwa kikombeni kila mara. Kuzaa mtoto mmoja mwenye selimundu hakuwahakikishii wazazi kwamba watatu wanaofuata watakuwa salama. Kila mimba huanza upya na uwezekano uleule. La tatu, mkono uliotoa punje haukuchagua. Hakuna mzazi aliyeketi akaamua ampe mtoto ipi.

Wapo wanaume wanaokwenda mbali zaidi, wakamkana mtoto wakidai si wao kwa kuwa wao ni wazima. Kuwa mzima hakuthibitishi kwamba mtu si mbebaji. Nchini Tanzania upimaji wa vinasaba vya binadamu unasimamiwa na sheria iliyotungwa mwaka 2009, na uhalali wa mtoto si jambo la kuamuliwa kwa minong’ono ya shangazi na wajomba. Kabla ya kumvunjia mwanamke heshima, mwanamume na apime damu yake kwanza.

Soma Mithali 18:13. Ni ndoa gani au urafiki gani unaoufahamu ambao ungeweza kuokolewa kama watu wangesubiri kujua ukweli kabla ya kutoa hukumu?

JUMATANO

Hatia Hairithiwi

Soma Ezekieli 18:1–20 na Yohana 9:1–7. Mungu anaijibuje ile methali ya zabibu? Yesu anaijibuje ile ya wanafunzi wake?

Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walitaka kujua mkosaji: ni yeye au ni wazazi wake? Yesu alikataa majibu yote mawili. Hakusema kwamba watu wale hawakuwahi kutenda dhambi yoyote. Alikataa kuunganisha upofu wa yule mtu na kosa la fulani. Kisha akaelekeza macho yao kwenye kazi ya Mungu iliyopaswa kufanyika kungali mchana, naye akaifanya.

Wengine huuliza kuhusu Kutoka 20:5, ambapo uovu wa baba unatajwa kuwafikia wana hadi kizazi cha tatu na cha nne. Fungu hilo linawataja wanaomchukia Mungu, na ni kweli kwamba watoto hukulia katika matokeo ya njia za wazazi wao: umaskini unaoletwa na ulevi, hofu inayoletwa na ukatili, ibada ya sanamu inayofundishwa nyumbani. Lakini fungu linalofuata linataja rehema kwa maelfu, na Ezekieli anaweka mpaka bayana: mwana hatabeba hatia ya baba yake. Matokeo yanaweza kupita kutoka kizazi hadi kizazi. Hatia haipiti.

Selimundu haikuja hata kwa njia ya matokeo ya tabia mbaya ya mzazi. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1949. Aliona kwamba wabebaji wa AS walikuwa wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na wachache katika nyanda za juu zenye baridi. Penye wabebaji wengi palikuwa na malaria nyingi. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mtoto mwenye AS huistahimili malaria kali kuliko mwenye AA. Kwa sababu hiyo wabebaji walipona wakakua, wakazaa, na jeni ya S ikabaki.

Kwa hiyo huenda bibi aliyebeba S ndiye aliyenusurika na homa iliyowaua wenzake, na ukoo mzima upo leo kwa sababu hiyo. Huu ndio ulimwengu ambao Paulo anausema katika Warumi 8:18–23, ulimwengu unaougua, ambamo kinga na maumivu vimefungwa katika kifurushi kimoja. Anayeita jambo hili laana ya ukoo hajui linatoka wapi. Na anayewatoza wazazi fedha ili “avunje minyororo ya ukoo” anauza kitu ambacho Mungu alikikanusha tangu Babeli.

Je, ni maneno gani yanayosemwa katika maombi au mahubiri ambayo yanaweza kumwongezea mzazi wa mtoto mgonjwa mzigo wa hatia? Yangeweza kubadilishwaje?

ALHAMISI

Kabla ya Mahari

Soma Mithali 22:3. Mtu mwenye busara hufanya nini anapoona jambo zito mbele yake?

Goba ya zamani ilikuwa eneo la mashamba. Leo ni kata ya Manispaa ya Ubungo inayojaa nyumba mpya, na humo hukutana familia zilizotoka mikoa ya ziwa, pwani na nyanda za juu. Vijana wao huimba kwaya moja na huoana. Hilo ni jema. Ila kijana wa Goba hamfahamu babu wa mchumba wake kama vile kijana wa kijijini alivyofahamu ukoo wa jirani.

Utafiti uliofanyika katika hospitali za Muhimbili na Temeke mwaka 2015 na 2016 uliwapima watoto wachanga karibu 4,000. Takriban 13 katika kila 100 walikuwa wabebaji, na kama 8 katika kila 1,000 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Katika kwaya ya vijana 40, basi, si ajabu wabebaji wakawa watano, na wote wakawa hawajui.

Chukua mfano wa kijana ambaye wazazi wake walitoka Musoma, na msichana ambaye wazazi wake walitoka Tanga. Wanapendana, na wote ni wazima. Watapima lini? Wakipima baada ya posa kupokewa, mahari kulipwa na kadi za mchango kugawiwa, majibu ya AS na AS yatawakuta wamebanwa na wajomba, kamati ya harusi na aibu. Wakipima mapema, majibu yaleyale yatawakuta wakiwa huru kuzungumza, kuomba na kuamua. Ndiyo maana darasa la vijana ni mahali pa kufundishia jambo hili kabla hata uchumba haujaanza.

Wote wawili wakiwa AS, kanisa lifanye nini? Biblia haikuwakataza kuoana, na mchungaji hana fungu la kuwakatazia. Wala hana ruhusa ya kunyamaza. Waelekezwe kwa mtaalamu wa afya awaeleze kwa utulivu uwezekano wa moja katika nne kwa kila mimba, na namna matunzo yalivyo. Wapo watakaoachana kwa heshima. Wapo watakaooana wakijua wanachokipokea, na hao wasiitwe wakaidi. Wapo watakaochagua kulea watoto wasio na wazazi.

Majibu ya damu ni siri ya mwenyewe. Hayatangazwi katika kikundi cha maombi, hata kwa nia njema. Na AS si ugonjwa wala doa. Itakuwa huzuni kubwa kanisa likiifuta methali ya zabibu kwa mkono mmoja na kuiandika upya kwa mkono wa pili, likisema, “Usioe kule, wale ni AS.”

Kanisa lenu linawafundisha nini wachumba kabla ya ndoa? Je, mafundisho hayo huja mapema vya kutosha?

IJUMAA

Jifunze Zaidi

Soma 2 Wafalme 20:1–7. Hezekia aliomba kwa machozi, na Mungu akaahidi kumponya. Hata hivyo nabii aliagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu. Ombi na dawa vilikuwa katika nyumba moja, na hakuna kilichomdharau mwenzake.

Mzazi wa mtoto mwenye selimundu anahitaji vyote viwili. Dalili huanza mara nyingi baada ya miezi sita, wakati himoglobini ya utotoni inapopungua: vidole vya mikono na miguu huvimba, mtoto hulia bila kutulia, hupauka. Apimwe mapema. Penisilini katika miaka mitano ya kwanza humkinga na maambukizi yanayoua haraka. Asidi ya foliki humsaidia kutengeneza damu. Chandarua na dawa za kuzuia malaria humlinda. Dawa iitwayo haidroksiurea hupunguza maumivu na kulazwa kwa wagonjwa wengi, lakini hutolewa kwa usimamizi wa daktari. Homa kali, kupauka ghafla, kupumua kwa shida au mwili kulegea upande mmoja ni sababu ya kwenda hospitali saa ileile, hata kama ni katikati ya ibada. Kuacha dawa ili kuonyesha imani ni kumjaribu Mungu kwa maisha ya mtoto.

Tangu mwaka 2004 mpango wa selimundu wa Muhimbili, ambao Profesa Julie Makani ni mmoja wa waliouongoza, umefuatilia maelfu ya wagonjwa. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye ugonjwa huu. Na Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya kwanza inayohariri vinasaba vya seli za damu za mgonjwa mwenyewe, ingawa gharama yake bado iko mbali na uwezo wa familia nyingi.

Kanisa nalo lina sehemu yake. Mgonjwa wa selimundu asifunge bila maji, kwa sababu upungufu wa maji huamsha maumivu. Siku ya ubatizo asiachwe akitetemeka na nguo mbichi. Maji yasiwe ya baridi, na kanga kavu na chai ya moto viwe tayari. Makambini apewe mahali pakavu pa kulala. Katika matembezi ya Watafuta Njia aruhusiwe kupumzika na kunywa maji bila kuitwa mvivu. Na washiriki wenye afya wajitolee damu, kwa kuwa chupa moja huweza kumrudisha mtoto nyumbani.

Hatimaye, soma 1 Wakorintho 15:42–54. Wana wote wa Adamu wamerithi mwili unaoharibika. Tofauti yao ni namna tu unavyoharibika. Siku ya ufufuo Bwana atawavika wote mwili usioharibika. Mtoto aliyelala akiwa na miaka minne kwa sababu ya herufi moja ataamka, na damu yake itapita katika mishipa bila kizuizi. Wazazi wake hawataulizwa ni nani aliyeileta ile herufi.

Maswali ya Kujadili:

1. Fanyeni jaribio la vikombe viwili darasani. Matokeo yenu yalikaribia robo, nusu na robo? Jaribio hilo linabadilishaje namna mnavyowatazama wazazi wa mtoto mgonjwa?

2. Jadilini tofauti kati ya kurithi matokeo na kurithi hatia. Toeni mifano ya Biblia kwa kila upande.

3. Vijana wawili wa kanisa lenu wamepima na wote ni AS. Wamekuja kwa mzee wa kanisa kuomba ushauri. Ni maneno gani ambayo hapaswi kusema? Ni yapi anayopaswa kusema?

4. Mama mmoja ameacha kuja kanisani kwa sababu kila akija huulizwa, “Mtoto bado haponi tu?” Darasa lenu linaweza kufanya nini juma hili, kwa mikono na si kwa midomo, ili ajue kwamba hana deni la kulipa?